Bakshishi isiwe kisingizio cha mshahara duni

Mhariri,

Msimu wa watalii ukikaribia hapa Malindi, wenye mikahawa ya ufuoni huanza kutafuta watu, na maneno ni yale yale: "Mshahara ni mdogo, lakini Wazungu hutoa bakshishi." Tajiri anayesema hivyo anamwachia mgeni deni lake.

Huko Marekani sheria ya taifa inaruhusu jambo hilo waziwazi. Weita anaweza kulipwa dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991, na bakshishi ikajaza pengo. Ndiyo sababu Mmarekani hutoa nyingi. Mwitaliano, ambaye ndiye mgeni wetu mkubwa, kwao hulipa ada ya meza ndani ya bili na basi. Ukimngoja yeye akulipie kodi ya nyumba, utangoja sana. Na kusi ikivuma, hoteli zikifungwa, hata huyo hayupo.

Sisi tuna Ibara ya 41 ya Katiba, inayompa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Tuna pia Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo haimruhusu tajiri kumweka mtu kibarua miezi nenda miezi rudi.

Lakini linaloniudhi zaidi ni la jikoni. Zamani palikuwa na kopo la bakshishi kaunta. Usiku likifunguliwa, hata muosha sufuria alipata nauli ya tuktuk. Siku hizi mgeni hulipa kwa M-Pesa, chakula na bakshishi pamoja, na zote huingia kwenye till ya tajiri. Ukiuliza, unaambiwa hesabu ni mwisho wa mwezi. Ukirudi mwisho wa mwezi, unaambiwa sahani zilivunjika.

Uingereza walitunga sheria 2023, ikaanza kazi Oktoba 2024: bakshishi yote iwafikie wafanyakazi, na kumbukumbu ziwekwe. Chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, nacho kinapaswa kudai hivyo hivyo katika mikataba yake na wenye hoteli: bakshishi ya simu iwe na namba yake, daftari liwe wazi, na jikoni wawe na fungu lao linalojulikana. Maweita wengine hawatapenda hilo la mwisho, najua. Wao ndio wanaotabasamu na mgeni. Lakini pweza hakujikaanga.

Mpishi,
Muyeye, Malindi