Dawa zitengenezwe Dongo Kundu, lakini kwa kemia safi

Mhariri,

Kila linapotajwa eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu hapa Mombasa, natamani siku moja tutengeneze dawa papa hapa badala ya kuzisubiri melini. Ila niulize mapema: tutazitengeneza kwa kemia gani?

Klorokwini ya malaria, albendazoli ya minyoo wanayopewa watoto shuleni, isoniazidi ya kifua kikuu: zote zina molekuli yenye pete ambamo naitrojeni imeketi kati ya kaboni. Njia kongwe ya kuunda pete ya kwinolini, ile iliyomo kwenye klorokwini, aliyoibuni mwanakemia Skraup mwaka 1880, huchemsha anilini na glisarini ndani ya asidi kali ya salfa, pamoja na nitrobenzini, ambayo ni sumu. Mchanganyiko huo waweza kufoka ghafla, na mwishowe hubaki asidi chafu na masimbi meusi kama lami.

Siku hizi kuna njia nyingine. Kichocheo cha metali, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, huinyang'anya alkoholi hidrojeni yake. Kinachobaki hushikana na amini, kemikali yenye naitrojeni, mpaka pete ikajifunga. Kinachotoka pembeni ni maji na gesi ya hidrojeni basi. Mwaka 2013 maabara ya Rhett Kempe huko Bayreuth, Ujerumani, iliunda hivyo piroli, pete nyingine yenye naitrojeni, kwa iridiamu, metali adimu na ghali mno. Miaka michache baadaye ikafaulu kwa manganizi, ambayo ni tele ardhini. Tena alkoholi nyingi zaweza kutoka kwenye mimea. Kweli, mabaki ya metali lazima yasafishwe kabla dawa haijamfikia mgonjwa, lakini hilo lina mbinu zake.

Mombasa tunajua gharama ya kuzembea. Watu wa Owino Uhuru walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Fidia haitoi risasi kwenye damu ya mtoto.

Mwanakemia Roger Sheldon alipopiga hesabu mwaka 1992, alikuta viwanda vya dawa vikizalisha kilo 25 hadi zaidi ya 100 za taka kwa kila kilo ya dawa. Basi kabla ya leseni, mwekezaji aulizwe hadharani: taka zako zitakuwa kilo ngapi, na utazipeleka wapi, ikiwa mikoko ya Port Reitz iko hapo hapo? Na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pamoja na cha Pwani kule Kilifi, viwafundishe vijana wetu vichocheo hivi maabarani, si ubaoni tu, ili kazi hizo zikija wawe tayari kuzishika.

Msomaji wako,
Changamwe, Mombasa