Malalamiko kuhusu mashine ya kusafishia mazulia na dawa zilizoharibiwa na barafu kabla ya kuuzwa

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uagizaji wa Mashine za Usafi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanzoni mwa Februari kampuni yangu ya usafi iliyopo Sinza ilinunua kwenu mashine mpya ya kusafishia mazulia, ile inayonyunyiza maji ya moto na kuyafyonza, pamoja na madumu ya dawa ya kukinga zulia lisishike madoa. Mlitueleza kwamba bidhaa hizo zilipakiwa Ujerumani mwezi Desemba. Tulipoijaza maji na kuiwasha kwa mara ya kwanza, maji yalimwagika chini ya mashine, na fundi wa pampu wa Gerezani alipoifungua mbele yetu alikuta kichwa cha pampu kimepasuka na bomba la shaba la kupashia maji moto limevimba na kuchanika kwa urefu wake.

Idara yenu ya huduma imenijibu kwa maandishi kwamba chanzo ni matumizi mabaya na maji ya chumvi ya Dar es Salaam. Sikubaliani na jibu hilo. Maji ya chumvi hula chuma polepole na kuacha kutu na magamba. Hayapasui bomba jipya siku ya kwanza ya kazi. Bomba lililovimba kwanza kisha likachanika kutokea ndani limepasuliwa na maji yaliyoganda humo. Maji yakigeuka barafu huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa ndani ya pampu au vali isiyo na nafasi ya kuyapisha, shaba na plastiki hushindwa kuyahimili. Hata mashine ambayo haijapata kutumika inaweza kubaki na maji kidogo baada ya kujaribiwa kiwandani, na hayo kidogo yanatosha kuleta madhara haya.

Yaligandia wapi? Hapa kwetu, hata usiku wa Julai, joto huwa karibu nyuzi 18 au 19 za Selsiasi. Sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi kali, ipo nchini, na wakulima wa Makete huko Njombe wanaijua vizuri, lakini mashine hii haijatoka Sinza tangu tuichukue kwenye ghala lenu. Mahali pekee ilipoweza kukutana na baridi ya chini ya sifuri ni huko ilikotoka, katika majira ya baridi, ikiwa ghalani au ndani ya kontena lisilo na joto.

Dawa inathibitisha jambo hilo kuliko hata bomba. Lebo ya dumu inaagiza wazi kwamba dawa isiachwe igande, kwa kuwa ni maji yenye chembe ndogo za kinga zinazoelea, na baridi ikizigandisha, chembe hizo hushikana na hazirudi kuchanganyika hata dumu likitikiswa kutwa nzima. Madumu yote tuliyofungua yana maji matupu juu na mabonge meupe chini, kama maziwa yaliyokatika. Sabuni ya unga tuliyonunua pamoja nayo ni nzima, na kwa hiyo siidai.

Linaloniumiza ni kwamba kinga yake inajulikana na si ya gharama kubwa. Katika nchi za baridi, wenye mashine hizi humwaga maji yote ya tangi, husukuma kwa hewa ya kompresa yale yaliyobaki kwenye mipira na pampu, kisha huzungusha dawa ya kuzuia kuganda, aghalabu ya propilini glaikoli, mpaka ipite katika kila vali. Madumu ya dawa nayo huhifadhiwa katika chumba chenye joto, yakiwa yameinuliwa juu ya sakafu ya zege. Ninyi mnaoagiza ndio wenye uwezo wa kumtaka muuzaji wenu afanye hivyo na kuliweka sharti hilo katika mkataba. Mteja wa Sinza hana njia ya kulisimamia.

Tulikuwa tumekubali kusafisha mazulia ya misikiti ya Magomeni na Kinondoni kabla ya Ramadhani. Tuliyasugua kwa brashi na kuyakamua kwa mikono, yakachelewa kukauka, na waumini wakauanza mwezi mtukufu wakisujudu juu ya mazulia yenye unyevu na harufu. Jambo hilo limenifedhehesha sana.

Naomba mbadilishe mashine au mrudishe fedha yote, na myachukue madumu yaliyoharibika mkayateketeze kwa utaratibu unaofaa badala ya kuyauza kwingine. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili kwenye Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa jukumu la kumlinda mlaji.

Kuna moja lisiloweza kusubiri siku hizo 14. Ikiwa wateja wengine walichukua mashine za kontena hilohilo, tafadhali wapigieni simu leo waache kuziwasha, kwa sababu bomba lililochanika humwaga maji karibu na nyaya za umeme, na kijana anayeshika mpini akiwa amesimama juu ya zulia lililolowa anaweza kupigwa shoti.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha za pampu, bomba na madumu, pamoja na maelezo ya fundi yenye sahihi yake.

Wako katika kazi,

Mmiliki,
Huduma ya Usafi wa Mazulia, Sinza.