Kabla ya Kuchapa Jarida la Usharika

Kazi nyingi za makanisa zinazofika katika duka letu la uchapaji hapa Moshi huja zikiwa na jina zuri, nembo na picha ya mchungaji, lakini ndani yake mna matangazo yaleyale yaliyosomwa ibadani Jumapili iliyotangulia. Baada ya matoleo machache, katibu wa usharika hurudi na kutueleza kwa masikitiko kwamba nakala nyingi huachwa kwenye viti, naye huuliza kama karatasi bora zaidi au rangi ingesaidia. Kwa uzoefu wetu, karatasi mara chache ndiyo yenye kosa. Msharika aliyekwisha kuyasikia matangazo hana sababu ya kuyasoma tena. Jarida humfaa pale linapomweleza yale ambayo mzee wa kanisa hakupata nafasi ya kuyasema akiwa mbele ya waumini, yaani nini kimefanyika, nani wamekifanya, na nini kinahitajika sasa.

Makanisa ya ukanda wetu yalilifahamu jambo hili zamani. Gazeti la Msimulizi, ambalo misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza kulitoa Zanzibar mwaka 1888, lilichapa habari zilizotumwa kutoka vituo mbalimbali vya misheni, na kwa njia hiyo watu wa kituo kimoja walipata kujua ya wenzao wa mbali. Usharika wenye mitaa kadhaa, au parokia yenye vigango na jumuiya ndogondogo, una hitaji hilohilo. Ndiyo maana tunashauri kila mtaa uwe na mtu mmoja wa kuleta habari, hata kama ni aya mbili tu, badala ya kazi yote kumwelemea katibu usiku wa Ijumaa.

Chukua mfano wa taarifa ya ujenzi, ambayo haikosekani katika jarida lolote. Mara nyingi huandikwa hivi: "Kamati ya ujenzi inapenda kuwajulisha washarika wote kuwa zoezi la upauaji linaendelea vizuri na tunaombwa kuendelea kujitoa." Hakuna uongo hapo, ila msomaji hajui paa limefika wapi wala yeye atoe nini. Tungeiandika hivi: "Upande wa madhabahu umekwisha kuezekwa. Upande wa kwaya umebakiza mabati 40, na fundi anaweza kurudi kazini Jumatatu yatakapopatikana. Anayependa kuchangia bati amwone mhasibu wa usharika baada ya mnada." Sentensi ni fupi, na kila moja inabeba jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi. Habari ya kwaya, ya darasa la kipaimara au ya umoja wa wanawake nayo iandikwe kwa namna hiyo.

Toleo la Desemba linastahili kuandaliwa mapema kuliko mengine yote. Wenyeji wa Kilimanjaro wanaoishi Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani kwa Krismasi, na wengi wao hawakuwapo mwaka mzima. Hao ndio wanaohitaji kusoma ratiba ya ibada zote za sikukuu, hatua ya ujenzi, na majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliotangulia mbele za haki. Nakala ya PDF ikitumwa kwenye makundi ya WhatsApp wiki mbili kabla ya safari, mtu huja akiwa amejiandaa.

Kuhusu majina, tunaomba uangalifu mkubwa. Orodha ya wagonjwa wa kuombewa huandikwa kwa upendo, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ridhaa yake ya maandishi. Nakala ikishatoka kwenye simu moja haizuiliki tena. Tungependelea pia viwango vya ahadi na sadaka visiwekwe sambamba na majina, kwa sababu mjane aliyetoa kidogo naye atalisoma jarida hilo.

Kwa upande wa umbo, karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5, nazo zinawatosha washarika wengi kwa mwezi. Kijarida cha kukunja huongezeka kwa kurasa nne nne. Maandishi yakifika ukurasa wa tano, ni afadhali kupunguza maneno kuliko kulipia kurasa nane zenye nafasi tupu. Herufi zisipungue ukubwa wa pointi 12, maana wazee ndio wasomaji wetu waaminifu. Nakala zikiwa nyingi, mashine ya riso, yaani ya kurudufu nakala nyingi kwa haraka, hushusha gharama ya kila moja. Zikiwa chache, fotokopi inatosha. Picha zitumwe WhatsApp kama dokumenti, kwani zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na nyuso hutoka na ukungu zinapochapwa.

Tukipokea maandishi na picha Jumatano, tunayapanga na kurudisha rasimu Alhamisi. Rasimu hiyo isomwe na mtu ambaye hakushiriki kuiandika, na zaidi ya yote ahakiki majina ya watoto waliobatizwa, tarehe na namba za simu, kisha atie sahihi. Uchapaji hufanyika Ijumaa, na nakala zilizokunjwa huwa tayari kuchukuliwa Jumamosi asubuhi.