Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Spea za Kupozea Injini za Magari Yetu ya Zamani

Ndugu wanachama,

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za mwaka. Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za misafara ziko kwenye kumbukumbu za katibu, kwa hiyo sitazirudia. Nafasi yangu nimeona niitumie kwa jambo ambalo kamati imehangaika nalo kuliko lolote mwaka huu: upatikanaji wa spea za mfumo wa kupozea injini, hasa kwa wenzetu wenye magari ya Kimarekani ya V8, yaani injini ya silinda nane. Wenye Land Rover, Peugeot 404 na Datsun msidhani mmesahauliwa. Mengi nitakayosema yanawahusu, ila ninyi mkitafuta kwa subira bado mnapata. Mwenye Mustang hana pa kuanzia.

Magari haya si wageni kabisa huku kwetu. Mwaka 1964, mwaka uleule Mustang ilipozinduliwa New York mwezi Aprili, Ford ilikwisha kuleta timu ya Mercury Comet zenye V8 kwenye mbio za magari za East African Safari. Ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina GT, gari dogo, na Comet zilizofika mwisho zilikuwa mbili tu. Vumbi na miinuko yetu vimezijaribu injini hizi tangu zikiwa mpya.

Gari lililotufundisha mengi mwaka huu ni Mustang ya mwaka 1967 ya mwanachama wetu wa Shanty Town, Moshi. Bodi ilishanyooshwa na kupigwa rangi, na injini yake ya 289, yaani lita 4.7, ilishafumuliwa na kufungwa upya. Ilipofika zamu ya maji ndipo tukaona kazi iliyobaki: rejeta imeziba, wota pampu ya alumini (ndiyo inayozungusha maji kwenye injini) imeliwa mpaka inavuja, kifuniko cha rejeta si chake, na kava ya feni haipo kabisa. Msimamo wangu, na nitaurudia kwa kila mwanachama anayeanza kufufua gari, ni kwamba mfumo wa maji utangulie rangi. Gari lisilopakwa rangi linaweza kusubiri hata mwaka. Injini mpya ikichemsha mara moja tu, gasketi ya silinda hedi inaungua, hedi inapinda, na fedha yote ya kufumua imepotea.

Wota pampu ndiyo iliyotusumbua zaidi. Ya kwanza ilifika kutoka Marekani ikiwa mpya kabisa, na boksi limeandikwa kwamba inafaa injini za Ford za 289 na 302. Fundi alipoisogeza mbele ya injini, mdomo wa mpira wa chini ukaangukia kushoto, wakati rejeta ya gari lile inatolea maji kulia. Ford ilihamisha mdomo huo kwenye injini za mwaka 1970. Pampu za kabla ya hapo zina mdomo kulia kwa mtu aliyekaa kwenye gari, na za baadaye kushoto. Kwenye picha ndogo ya simu zinafanana mno kwa asiyejua cha kutazama. Muuzaji alirudisha fedha ya pampu, lakini nauli ya ndege haikurudi, na mwenzetu akaanza kusubiri upya.

Kutokana na hilo kamati iliamua kwamba agizo lolote linalopitia kwenye chama liende na namba na vipimo. Jina la gari peke yake halitoshi. Namba za Ford za miaka ile zinasomeka vizuri ukishazizoea: herufi ya kwanza ni muongo, C kwa miaka ya 1960 na D kwa miaka ya 1970, tarakimu inayofuata ni mwaka, herufi ya tatu ni aina ya gari, na Z ni Mustang. Kwa hiyo namba inayoanza na C7Z ilitengenezwa kwa ajili ya Mustang ya 1967. Katikati ya namba kuna tarakimu za kifaa chenyewe: 8005 ni rejeta, 8501 ni wota pampu, 8575 ni thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mkizijua hizo tatu, mtaweza kuzungumza na muuzaji yeyote wa spea za Ford za zamani, hata kama Kiingereza chenu ni cha shule ya msingi.

Kwa wenye Chevrolet, namba haitoshi, chukueni vernia, kile kipimio cha milimita. V8 ndogo ya Chevrolet ina wota pampu fupi na ndefu, na kwenye Camaro ndefu ilianza mwaka 1969. Ukipima kutoka uso unaokaa kwenye bloku hadi pale inapofungwa puli, fupi ni kama milimita 143 na ndefu kama milimita 176. Zote mbili zinaingia kwenye bolti zilezile, na hapo ndipo watu wanaponaswa, kwa sababu puli na mabano ya jenereta ya umeme hayatakaa kwenye mstari na mkanda utakuwa unaruka.

Sasa rejeta. Hapa nina neno zito kidogo kwa vijana wetu, ambao wakiona rejeta ya alumini inayong'aa kwenye simu wanataka kuitupa ya zamani. Msitupe. Rejeta za magari haya ni za shaba, zimeunganishwa kwa lehemu, na mji huu una mafundi wanaoijua kazi hiyo barabara. Ile ya Mustang tuliipeleka Unga Limited, hapa Arusha. Fundi aliyeyusha lehemu akalitoa tangi la juu, akapitisha ubapa wa chuma kwenye kila mrija kusukuma uchafu, akaziba miwili iliyotoboka kabisa, akalehemu tangi upya, kisha akaizamisha rejeta yote kwenye pipa la maji na kuingiza hewa ya kompresa polepole huku akitafuta mapovu. Iliponyanyuka pale haikuwa imetoa povu hata moja. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanyika kwenye rejeta nyingi za kisasa zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa, na ndiyo maana mafundi hawa wanapungua. Nawaomba wenye magari ya kila aina muwapelekee kazi, mlipe kwa wakati, na mkiwa na kijana anayetafuta ufundi, mpelekeni akajifunze. Tusipowatunza wazee hawa tutaishia kuagiza kila kitu.

Kifuniko cha rejeta ni kitu kidogo ambacho wengi tunakichukulia poa, na hapa kwetu milimani kina uzito kuliko pwani. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Arusha mjini, takriban mita 1,400 juu, yanachemka karibu nyuzi 95. Moshi, iliyo chini zaidi, karibu nyuzi 97. Kila pauni ya presha inayoshikiliwa na kifuniko huongeza nyuzi kama moja na nusu. Kifuniko cha pauni 13 kikiwa kizima kinakupa nyuzi zipatazo ishirini za usalama. Kikiwa na raba iliyokauka, hizo zote huna, na utazihitaji siku unapanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu na gari limejaa. Vifuniko vya Kijapani vilivyojaa madukani vimeandikwa 0.9 au 1.1. Ya kwanza inalingana na pauni 13 na ya pili na pauni 16, lakini vingi ni vidogo na havitakaa kwenye shingo pana ya rejeta ya Kimarekani. Tena pimeni kina cha shingo, kwani kifuniko kinaweza kujifunga vizuri kwa juu huku raba yake haijagusa kikalio cha ndani. Na kwa usalama wa nyuso zetu, hakuna kufungua kifuniko injini ikiwa ya moto, hata kama msafara wote unasubiri.

Jambo jingine ni desturi ya kutoa thamostati. Naomba tuiache. Mafundi wengi huitoa wakidhani wanalisaidia gari lisichemshe, lakini injini haifikii joto lake, petroli inaliwa, unyevu unabaki kwenye oili, silinda zinaisha haraka, na rejeta iliyoziba inafichwa mpaka siku ya mlima. Thamostati mpya ni miongoni mwa spea rahisi kuliko zote, na kuipima ni jikoni tu: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, tazama inapoanza kufunguka. Ya nyuzi 82 itafunguka mbele ya macho yako. Ya nyuzi 91 hapa Arusha itafunguka kidogo sana kabla maji hayajachemka, kwa hiyo msiitupe mkidhani imekufa.

Mipira ya rejeta haijatushinda. Ukiwa na kipenyo na umbo la kona, unaweza kupata mpira wa lori ukaukata. V8 ndogo za Chevrolet kwa kawaida hutumia milimita 38 juu na 44 chini. Wa chini uwe mgumu au uwe na springi ndani, kwa sababu pampu inaufyonza na unaweza kunywea gari likiwa kwenye mwendo. Kava ya feni ilitengenezwa na fundi bati kwa kipimo cha karatasi ngumu, na nusu ya upana wa mapanga ya feni ikaachwa ndani ya kava. Tangu hapo Mustang ile inasimama kwenye foleni bila sindano ya geji kupanda. Gari linalochemsha likiwa limesimama lina shida ya hewa. Linalochemsha likiwa kwenye mwendo, tafuta rejeta, pampu au mpira.

Maji yenyewe. Maji ya mkoa huu yana floridi na chumvi nyingi, meno ya wengi wetu ni ushahidi. Yakirudiwarudiwa kwenye rejeta yanaacha magamba. Jazeni maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa ya kuongezea betri (angalieni isiwe asidi), nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Baridi ya kugandisha maji hatuna, lakini kulanti inazuia kutu pale chuma, alumini na shaba vinapokutana kwenye maji yaleyale. Kwa rejeta iliyolehemiwa, kamati inapendekeza kulanti ya aina ya zamani yenye silikati. Someni lebo, maana rangi peke yake haithibitishi kitu. Na mkimwaga ya zamani, isiachwe kwenye beseni uani. Ni tamu na ni sumu, na tuna watoto na mbwa.

Nimalizie na ombi kwa mkutano. Spea kutoka nje zinatozwa ushuru kwa kujumlisha bei, bima na nauli, kisha VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Mtu mmoja akileta pampu moja kwa ndege, nauli inaikaribia bei ya pampu na kodi inaikuza zaidi. Tukiagiza pamoja kwa meli, kwa ankara halisi na wakala mmoja wa forodha, kila mmoja atabeba sehemu tu. Kamati inaomba kibali cha kuanzisha mfuko wa kuzunguka kwa ajili ya wota pampu, thamostati na vifuniko, vitu ambavyo hatuwezi kuvitengeneza hapa, na kununua pampu ya kupimia presha ya rejeta itakayokaa kwa katibu na kuazimwa na wanachama wa Arusha na Moshi bila malipo.

Kibali hicho mtakipigia kura baada ya hesabu. Kwa sasa katibu anagawa karatasi za vipimo. Kila mwenye gari linalohitaji spea aandike mwaka, injini, namba iliyo kwenye pampu ya zamani, na upande ulipo mdomo wa mpira wa chini, akipima kutoka kiti cha dereva. Asiye na gari lake hapa leo airudishe kabla ya mwisho wa mwezi, na tafadhali ambatanisheni picha ya pampu iliyopigwa kutoka mbele.