Ndege wa pwani: tazama maji kwanza

Mhariri,

Wasomaji wa Moshi na Arusha wanaoshuka Tanga kutazama ndege kwa mara ya kwanza hukosea jambo moja: hufika maji yamekupwa. Ndege huwa wametawanyika mbali kwenye tope, na hata darubini nzuri huonyesha vidoa tu. Wahini ufuoni kama dakika 120 kabla maji hayajajaa. Bahari ikipanda huwasogeza ndege karibu. Waulizeni wavuvi saa ya maji kujaa, maana huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Ikiwezekana chagueni alasiri, kwani pwani yetu hutazama mashariki na asubuhi jua hupiga machoni.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, yatosha. Ya mara 20, ambayo wauzaji huisifia mno, hutikisika mkononi. Mchanga ukiingia kwenye lenzi, pulizeni kwanza. Kufuta kukavu hukwaruza.

Kati ya Septemba na Aprili ndege wahamiaji kutoka nchi za kaskazini huwa wengi. Msianze na wale wadogo wa kijivu, watawachanganya. Mtafuteni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi: hutembea, husimama kimya, kisha humkimbilia kaa.

Mpenda ndege,
Moshi