Barua ya wazi kwa Waziri wa sanaa Zanzibar: wimbo ukirudiwa, mtunzi wake atajwe

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa na utamaduni, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,

Assalaam alaykum. Tunakuandikia sisi waimbaji na wapigaji wa taarab kuhusu nyimbo za kurudia, zile ambazo mitaani huitwa kopi. Ndizo zinazopigwa zaidi katika mahoteli na kwenye harusi, na kwa bendi nyingi changa ndizo kazi yote.

Kurudia si kosa. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab aliyefariki 2013, aliimba kwa miaka mingi nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji aliyemtangulia, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Bila kurudiwa hivyo, vijana wengi wasingezijua. Tunachokuomba ni kwamba wimbo unapopita kinywa kingine, majina ya waliouunda na asili yake vipite nao, tena kwa maandishi.

Wimbo wa taarab mara nyingi una wenyewe watatu: aliyetunga mashairi, aliyetia muziki na aliyeuimba mwanzo. Ukumbini hutajwa mwimbaji peke yake, tena yule wa leo. Watu wanapoinuka kutunza, noti huishia mkononi mwake. Mshairi aliyekesha akitafuta kina cha kati hapati fedha wala jina, na akifa wanawe hawana karatasi ya kuonyesha kwamba maneno yale ni ya baba yao.

Asili nayo hupotea. Wimbo wa Kijiti, mmoja katika nyimbo za Siti, ulitokana na tukio la kweli: mwanamke mgeni aliuawa Unguja na muuaji akakimbilia bara. Mwimbaji asiyelijua hilo huuchangamsha kwa mwendo wa kucheza, na walioketi wanapiga makofi juu ya msiba. Sentensi mbili kabla ya udi, ile ala ya nyuzi, kuanza zingetosha kuwapa wasikilizaji habari.

Maneno pia huharibika. Chukua mshororo huu, tulioutunga kwa mfano tu: «Nakupenda kwa hakika, moyo wangu watulia.» Mizani minane, kituo, kisha minane. Mwimbaji akisema «unatulia» badala ya «watulia», kipande cha pili kinakuwa na mizani tisa. Silabi iliyozidi lazima ipate pa kukaa, basi hubanwa mwishoni, na ile nafasi ambayo fidla ilikuwa ijibu inaliwa. Msikilizaji hajui kilichotokea, lakini anahisi wimbo umekwaa. Dawa yake ni kuandika maneno yote kutoka rekodi ya zamani kuliko zote inayopatikana, kisha kuhesabu mizani kwa kidole kabla ya mazoezi ya kwanza. Kuyachukua kutoka kopi ya kopi ni kurithi makosa ya kila aliyetangulia.

Kwenye muziki, kinanda ndicho kinachotusumbua zaidi. Wimbo uliotungwa katika bayati, moja ya skeli za Kiarabu, inayoanzia re unataka mi iliyo katikati ya mi ya kawaida na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusutoni. Kinanda kikiachwa kilivyotoka dukani hakina noti hiyo, na mpigaji akichagua yoyote kati ya hizo mbili, rangi ya wimbo imekwenda. Vinanda vingi vya sasa vina sehemu ya kupanga skeli: mi ishushwe senti 50, kwa kuwa nusutoni nzima ni senti 100. Wimbo ukihamishwa uanzie sol ili umfae mwimbaji, noti ya kushusha sasa ni la, si mi tena. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu huhamisha wimbo na kusahau skeli. Akodiani haiwezi kushushwa hivyo. Ni heri inyamaze kwenye noti ile na kuwaachia fidla na udi. Mpigaji wa kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, aambiwe mapema wimbo unaanzia wapi, apate kupanga vile vyuma vidogo vilivyo kando ya nyuzi.

Kuhusu ruhusa, mambo manne huchanganywa kila siku. Kuimba hadharani ni ruhusa moja. Kurekodi upya ni nyingine. Kupiga rekodi ya zamani na kuimba juu yake kunagusa pia haki ya aliyerekodi, si ya mtunzi peke yake. Kubadili maneno kunahitaji idhini ya mtunzi mwenyewe au warithi wake. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unaweka kiwango cha chini cha ulinzi: uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Siti alifariki 1950, kwa hiyo kwa kiwango hicho muda wa alichokitunga yeye ulikwisha mwishoni mwa 2000. Lakini si kila alichokiimba alikitunga yeye. Mshairi aliyefariki 1990 analindwa hadi mwishoni mwa 2040, hata kama aliyemwimbia amekufa zamani.

Ombi letu, Mheshimiwa, ni karatasi moja. Kila bendi inayolipwa ijaze orodha ya usiku ule: jina la wimbo, mtunzi wa mashairi, mtia muziki, mwimbaji wa kwanza, dakika, na kama maneno yamebadilishwa. Onyesho la saa mbili lina nyimbo kumi hivi, kwa hiyo kazi yenyewe ni ya robo saa. Mwenye ukumbi atie saini na kuituma ofisi ya hakimiliki pamoja na ada yake, ili mgao ufuate nyimbo zilizopigwa kweli. Mtunzi asipojulikana iandikwe «hajulikani», na fungu lake liwekwe miaka mitatu likimsubiri yeye au warithi. Asipotokea mtu, litumike kuhamisha kwenye kompyuta kanda za zamani za redio, Sauti ya Tanzania Zanzibar, maana huko ndiko majina mengi tunayoyatafuta yanaweza kupatikana.

Tuko tayari kuijaribu fomu hiyo kwa miezi mitatu bila malipo, na kukuletea zilizojazwa uzione mwenyewe.

Wako katika kazi,
Waimbaji na wapigaji wa taarab, Unguja