Vidonge na Kisomo: Barua kwa Zaituni

Morogoro, Jumapili jioni

Shoga yangu Zaituni,

Salamu sana, wewe na wote wa hapo Chumbageni, Tanga. Sisi huku hatujambo, ila mchele umepanda bei tena na goti langu halitaki kabisa kusikia habari za ngazi. Barua yako imefika. Umeniuliza kama ile filamu mliyoitazama na wifi yako ni kisa cha kweli, na kama ni kweli, kama alivyoambiwa kaka yako kuhusu mtoto wake anayeanguka, kwamba vidonge vya kifafa vinamng'ang'aniza pepo asitoke. Unadhani ni maswali mawili. Ni moja, na utaona kwa nini.

Filamu yenyewe, The Exorcism of Emily Rose ya mwaka 2005, imetokana na kisa cha kweli, ila kisa chenyewe hakikuwa cha Marekani. Kilitokea Ujerumani, katika mji mdogo wa Klingenberg, jimbo la Bavaria. Binti aliitwa Anneliese Michel, mzaliwa wa 1952, wa familia ya Kikatoliki iliyoshika dini barabara. Akiwa na miaka 16 alianza kuanguka. Madaktari wakasema ni kifafa, wakampa dawa, na miaka ikapita bila nafuu ya kuridhisha. Hilo tulikubali, Zaituni, maana watu hawaikimbii hospitali kwa ujinga tu. Wanachoka. Binti alikuwa akisoma chuo kikuu Würzburg, huku anaona nyuso za kutisha na kusikia sauti zikimwambia amelaaniwa. Ilipofika 1975, Askofu Josef Stangl akatoa ruhusa, mapadri wawili wakaanza kumfanyia ibada ya kufukuza pepo.

Walifanya vikao 67 katika muda wa miezi kumi hivi. Wazazi wakaacha kumpeleka kwa madaktari. Binti akaacha kula, akaamini kwamba mateso yake ni malipizi kwa dhambi za wengine, akawa anapiga magoti na kuinuka mamia ya mara mpaka magoti yakaharibika. Tarehe 1 Julai 1976 alifariki akiwa na miaka 23. Alikuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba kilichomuua ni njaa na kukaukiwa maji. Mimi nimepima watu uzito miaka yote ya kazi yangu, na kila nikisoma kisa hiki nakwama kwenye namba hiyo. Mtu mzima hafiki kilo 30 kwa siku moja. Kuna watu walimwona kila wiki, wakamshika mkono, wakasikia mifupa.

Kesi ilisikilizwa Aschaffenburg mwaka 1978. Wazazi na mapadri wote wawili walipatikana na hatia ya kusababisha kifo kwa uzembe, wakapewa kifungo cha nje cha miezi 6. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba hata wiki moja kabla ya kufa angeweza kuokolewa.

Vikao vile vilirekodiwa, kanda zaidi ya 40, na baadhi zilisikilizwa mahakamani. Sauti nzito inanguruma na kujitaja majina: Lusifa, Kaini, Yuda, Nero, Hitler. Hebu yatazame majina hayo. Ndiyo hasa yale ambayo binti wa Kikatoliki wa Ujerumani, aliyezaliwa miaka saba baada ya vita, angeyajua kuwa ya waovu wakubwa. Huko kwenu akipanda pepo hajiiti Nero. Atasema ni ruhani, au ametoka baharini, na kule Unguja pepo aitwaye kibuki atasema katoka Bukini, yaani Madagaska, na kudai brandi yake. Kila nchi na mashetani wake. Simaanishi kwamba mtu anaigiza. Nimewaona waliopandisha, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Nasema tu kwamba hata akili inapougua, huugua kwa lugha ya nyumbani.

Na nikuambie jambo ambalo mapadri wetu hawatapenda kulisikia (mimi Mkatoliki wa Mahenge, nina haki ya kusema). Mafundi wenu wa kupunga pepo wana busara moja ambayo haikuwapo Klingenberg. Pepo wa pwani mara nyingi hafukuzwi kwa vita. Anaulizwa jina, anaulizwa anataka nini, anapewa chano na udi wake, mnapatana, na kiti chake, yaani mtu aliyepandwa, anaendelea na maisha. Kiti mwenye njaa hatacheza ngoma usiku kucha. Hata Kanisa langu lina breki zake: sheria yake haimruhusu padri kufanya ibada hiyo bila idhini ya wazi ya askofu, na kitabu cha ibada kilichotolewa upya mwaka 1999 kinamtaka atahadhari kwanza asidhani kila ugonjwa wa akili ni pepo. Kwa Anneliese idhini ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kusema basi, leo hatuombi, leo tunampeleka hospitali.

Sasa nirudi kwenye vidonge. Utakumbuka pale mahakamani katika filamu anapoletwa mtaalamu, mwanamke, akaeleza kwamba dawa aliyokuwa anakunywa binti ndiyo iliyozuia maombi yasifanye kazi. Dawa yenyewe imebuniwa na waandishi wa filamu. Lakini hoja ndiyo ile ile aliyoambiwa kaka yako, neno kwa neno, na ndiyo inayonitia hofu kuliko macho yaliyogeuka na kelele za saa tisa usiku. Kwa hoja hiyo kidonge kinageuka mshitakiwa na njaa inasahaulika.

Dawa ya kifafa haifungi pepo. Inatuliza mishtuko ya umeme katika ubongo. Ubongo ukishaizoea, kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na hilo linaua. Nimelishuhudia. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yanayofaa.

Huko kwetu Mahenge kifafa ni kingi. Wataalamu wamekihusisha na usubi, ule ugonjwa wa inzi weusi wa mitoni. Zamani mtu akianguka motoni aliachwa aungue, kwa kuogopa kwamba atakayemgusa ataambukizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuja daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, akafungua kliniki ya kifafa na kuanza kuwapa watu fenobabitoni, dawa ya bei ndogo kabisa. Waliokuwa wamefichwa vibandani wakarudi shambani. Waganga hawakufungiwa milango, watu waliendelea kwenda kote kuwili.

Ndivyo ninavyokuomba ufanye. Usigombane na kaka yako kuhusu kisomo. Shehe amsomee mtoto, maji ya kombe anywe kama yanamtuliza, ila kidonge cha jioni, kama hajaacha dawa, kimezwe kabla shehe hajafika, na chakula kiliwe. Asifungishwe saumu. Asifungwe kamba wala kuchapwa. Akianguka mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kijiko mdomoni hata shangazi apige kelele vipi, na mtazame saa: zikipita dakika tano hajatulia, bodaboda haitoshi, tafuteni gari mwende hospitali. Wifi yako amrekodi kwa simu. Video ya dakika moja itamsaidia daktari kuliko masimulizi ya ukoo mzima. Na kama ameanza kubadilika tabia, kuona vitu au kukataa chakula, hilo pia liambiwe daktari wazi, msilibakize kwa ajili ya shehe. Kuna ugonjwa wa ubongo kuvimba na kuwaka (si saratani) unaowapata hasa wasichana, uliotambuliwa vizuri mwaka 2007 tu, ambao huanza hivyo hivyo na unatibika.

Hukuniandikia ni dawa gani. Soma jina kwenye pakiti, uniambie pia ni miligramu ngapi, anameza mara ngapi kwa siku, vimebaki vingapi, na kama ameacha, ni tangu siku gani. Usingoje barua, nipigie leo leo hata kama ni usiku, kwa sababu kama ameshakaa siku kadhaa bila kumeza, sitaki mumwanzishie wenyewe nyumbani kabla hajaonwa kliniki.

Msalimie bibi, mwambie ile halua ilifika salama.

Wako,
Mama Neema